Mtu wa Kuachiwa Ufunguo

“Tembea tena,” Jeff alisema. “Polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana.”

Mwende akatembea. Alitoka mlango wa jikoni, akapita kando ya maboksi ambayo hakuwa ameyafungua tangu ahamie, akafika dirisha la mbele. Kwenye pembe ya dari kijisanduku cheupe kikawasha taa nyekundu, kikaizima. Jeff, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za ndani na kompyuta ndogo mapajani, akaitikia kwa kichwa. Kimekuona, alisema. Akamwomba apande juu, aingie kila chumba na kutoka, kisha ashuke kwa mwendo wake wa kawaida.

Mwende alipanda. Alisimama kidogo katika chumba alichomtandikia binti yake Tatiana, chumba ambamo binti mwenyewe alilala usiku mmoja tu kabla ya kwenda chuoni Glasgow. Kijisanduku kingine kilimpepesea jicho kutoka juu ya kabati. Ilimpitia akilini kwamba tangu aingie katika nyumba hii hakuna aliyewahi kujua yuko chumba gani, na kwamba sasa yupo anayejua. Karibu acheke. Akashuka.

Jeff alikuwa fundi wa ving'ora, mwanamume wa makamo, mzaliwa wa hukohuko London, na asubuhi ile alikuwa amevua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Amefunga vifaa katika nyumba nyingi za Queensbury, alisema, na katika mitaa hii mtu hukanyaga zulia na viatu mara moja tu maishani.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja ya zile zilizojengwa mbilimbili, zikishiriki ukuta mmoja. Mwende aliinunua kwa mtu aitwaye Hemal, aliyekuwa akiuza nyumba ya mama yake mzee. Upande wa pili wa ukuta alikaa mama mmoja wa Kisikh ambaye Mwende alimjua kwa kikohozi chake na kwa shali yake ya kijivu. Walikuwa wamesalimiana mara chache kwa kuinua mkono. Zaidi ya hapo hakukuwa na nafasi. Mwende alikuwa muuguzi wa zamu za usiku kwenye wodi ya wagonjwa wa figo. Alirudi nyumbani watu wakienda kazini, akalala mchana, akaondoka watu wakirudi.

Na ilikuwa mchana, wiki chache baada ya kuhamia, alipoamshwa na sauti ya ufunguo mlangoni.

Haikuwa ndoto. Aliketi kitandani akausikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa, ukizungushwa, ukikataa, ukizungushwa tena. Kisha kimya. Aliposhuka, pasi ya nguo mkononi kwa kuwa ndicho kitu kizito kilichokuwa karibu, hapakuwa na mtu. Alikuwa amebadilisha kitasa siku ya kwanza, kama afanyavyo Mkenya yeyote anayeingia nyumba iliyowahi kukaliwa, na alimshukuru Mungu kwa hilo. Polisi aliowapigia walimsikiliza kwa adabu, wakampa namba ya kumbukumbu. Tangu siku hiyo usingizi wake wa mchana ukawa mwepesi kama wa mama mwenye mtoto mchanga. Gari likipita anaamka. Posta wakisukuma barua anaamka. Ndipo akamtafuta fundi.

“Vifaa ni vilevile,” Jeff alieleza, wakiwa wamesimama jikoni na vikombe vya chai. “Unachochagua ni nani apewe habari.”

Njia ya kwanza ilikuwa kelele: king'ora kinalia nje ya nyumba, basi. Mwende aliikataa hapohapo. Jumapili moja king'ora cha nyumba ya mwisho wa mtaa kilikuwa kimelia tangu watu wakienda ibadani hadi waliporudi, na alichokiona yeye ni jirani mmoja akifunga dirisha. Njia ya pili ilikuwa simu yake mwenyewe, yaani mwizi akiingia, amwone kwenye kioo cha simu. Lakini simu ya Mwende hukaa kwenye kabati la wafanyakazi usiku kucha, wodini haiingii. Angemwona mwizi asubuhi, televisheni ikiwa imeshauzwa. Njia ya tatu ilikuwa kituo. Kuna watu wanaokesha kwa zamu, Jeff alisema, kama nyinyi hospitalini. King'ora kikilia wao wanajua, na wanapiga simu.

“Hiyo,” Mwende alisema. “Hiyo ya tatu.”

“Sawa. Basi nipe majina mawili.”

Mwende alianza kumtajia majina yake mwenyewe. Jeff akamkatiza kwa upole. Alitaka majina ya watu wawili wanaokaa karibu, kila mmoja na ufunguo wa nyumba, wanaoijua namba ya kuzimia king'ora. Hata polisi wakija watataka mtu wa kuwafungulia.

“Kituo hakiji,” alisema. “Kituo kinapiga simu tu. Anayekuja ni mtu wako.”

“Na nisipokuwa na majina?”

Jeff aliangalia chai yake. “Basi utakuwa na kelele.” Kisha, kama anayejuta kusema hivyo, akaongeza kwamba kuna kampuni za kushika funguo, watu wa kulipwa. Mwende alifikiria ufunguo wake ukining'inia kwenye msumari katika ofisi asiyoijua, akasema hapana.

Kazi haikuisha siku hiyo. Betri ya king'ora cha nje haikuwa yenyewe, na Jeff ilibidi aifuate ghalani. Aliacha ngazi yake ukumbini, akavaa viatu, akasema atakuja asubuhi kumalizia na kuunganisha kituo, majina yakiwepo. Wengi huwa wanaandika majirani, alisema. Au familia.

Mlango ulipofungwa, Mwende aliketi kwenye boksi la vyombo akawaza watu, mmoja baada ya mwingine. Wenzake wa wodini walikuwa wametawanyika London nzima, wengine nje ya London kabisa. Kanisa lake lilikuwa Peckham, upande wa pili wa mji. Kwa treni na basi ni safari ya kumchosha mtu kabla hajafika. Baba yake Tatiana alikuwa amerudi Kenya zamani, akaoa upya. Akampigia Tatiana.

Tatiana alimjibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu kila kitu tangu aanze shule. Niandike mimi, alisema. Mwende akamwambia Glasgow si karibu. Kwani nani ataangalia ramani, Tatiana aliuliza, andika tu jina. Mwende akamweleza kwamba si jina wanalotaka, ni mtu.

“Basi mwandike Anti Laurette,” Tatiana alisema. Kisha akauliza taratibu, “Hamjaongea bado?”

Mwende alisema maji yanachemka jikoni, akakata simu. Hakukuwa na maji jikoni.

Laurette alikuwa mwanamke wa Bukavu, msusi katika saluni moja ya Peckham, na mlango wa fleti yake ulikuwa umetazamana na wa Mwende tangu Tatiana akiwa darasa la kwanza. Ufunguo wa Mwende ulikaa kwenye ndoano ya Laurette chini ya kalenda ya kanisa. Mtoto akitoka shule, mama yake yuko zamu, ni Laurette aliyefungua. Bomba likipasuka, ni Laurette. Siku zote hizo Mwende hakuwahi kufikiria king'ora, na wizi Peckham ulikuwepo.

Alipoanza kutafuta nyumba hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote. Mama yake kule Kangundo alikuwa akisema kitu kizuri ni kama mimba, hakitangazwi, kinajionyesha chenyewe. Wakenya wote aliowajua London walinunua nyumba namna hiyo, kimyakimya, watu wakaja kushtukia picha ya mlango mpya. Si kwamba alimdhania Laurette jicho baya. Ila Laurette naye alikuwa amengojea nyumba ya manispaa miaka nenda miaka rudi, na Mwende alijiambia kwamba kunyamaza ni kumhurumia. Neno hilo lilimtosha wakati ule.

Siku gari la mizigo lilipofika, Laurette alifungua mlango akaona sofa ikishushwa ngazi. Hakuuliza kitu. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Mwende, akakikunja kile kiganja kwa mkono wake mwenyewe.

“Uende muzuri, Mama Tatiana,” alisema. Na Mwende, aliyekuwa na maelezo marefu aliyoyapanga kwa siku nyingi, alisema asante tu.

Akainuka kwenye boksi. Haya ya kuomba haikuwa imemuua mtu bado. Alivaa koti, akatoka, akapita ule ukuta mfupi wa matofali, akabisha mlango wa jirani. Mdomo wake ukaita hodi kwa mazoea, akaona aibu kuita hodi London.

“Karibu,” sauti ikajibu kutoka ndani.

Mwenye sauti alifungua. Alijitaja kuwa Surinder, mzaliwa wa Eldoret, ambako baba yake alikuwa na kinu cha kusaga. Kiswahili chake kilikuwa kama vyombo vya wageni: kilitolewa mara chache, kilikuwa safi, ila vipande vingine vilikosekana. Alimkalisha Mwende karibu na kipasha joto, akaleta chai ya tangawizi bila kuuliza kama anataka.

“Kenya wapi?”

“Kangundo, Mama.”

“Sijui Kangundo. Iko baridi?”

“Si kama hapa.”

“Hapa si baridi. Hapa ni maji tu.”

Waliongea kidogo juu ya maji hayo, yaliyokuwa yakinyesha tangu alfajiri. Kisha Mwende akaeleza kilichomleta. Alieleza kwa utaratibu, kuanzia vile vijisanduku hadi kituo, hadi majina mawili, na akasema kwamba hatamsumbua, kwamba pengine hakutatokea lolote. Surinder alisikiliza bila kugusa chai yake. Mwende alipomaliza, mzee aliinuka akaenda ukumbini, akarudi na ufunguo uliofungwa uzi mwekundu, akauweka mezani baina yao.

“Hii ni ya nyumba yako,” alisema. “Vasanti alinipa. Ile mama alikaa hapo kabla yako.”

Mwende aliutazama.

“Siku moja nilileta dengu,” Surinder akaendelea. “Nakuona unarudi asubuhi na nguo ya hospitali, nasema, huyu hapiki huyu. Kwa Vasanti mimi sikubisha. Nafungua, naweka sufuria jikoni, naenda. Basi mkono ulizoea. Nikaweka ufunguo, ikakataa. Nikajaribu tena. Halafu nikakumbuka Vasanti hayuko.”

“Kumbe ni wewe,” Mwende alisema.

“Ulisikia?”

“Nilisikia, Mama. Nilishuka na pasi.”

“Pasi ya nguo?”

“Na nikaita polisi.”

Surinder alimkazia macho. Mabega yake yakaanza kutikisika. “Polisi,” alisema, “kwa dengu.” Akacheka hadi kikohozi kikamshika, na Mwende akacheka naye, akimpigapiga mgongoni kama mgonjwa wake. Ilikuwa imepita muda mrefu tangu acheke na mtu aliye chumba kimoja naye. Akafikiri jambo limekwisha. Jina la kwanza limepatikana.

“Basi utanishikia, Mama?”

Surinder alijipangusa macho kwa ncha ya shali. “Hapana,” alisema.

Hakuwa na ukali. Alichukua ule ufunguo wa zamani, akauzungusha uzi wake kidoleni.

“Mlango yake niliijua kuliko yangu. Yeye alikuwa hospitali, mimi nafungua. Harish, bwana yake, alikufa, watu wanakuja na chakula, mimi nafungua. Halafu siku moja naona kibao mbele ya nyumba. Inauzwa. Nikauliza mtoto yake, Hemal. Anasema, Anti, kwani mama hakukuambia? Hakuniambia. Kila siku tulikunywa chai, hakuniambia. Sasa anakaa kwa Hemal, Harrow. Harrow ni basi moja tu. Yeye hajakuja. Mimi sijaenda.”

Mvua ilisikika dirishani. Mwende akakiweka kikombe chake chini.

“Labda alitaka kukuambia,” alisema, “akakosa pa kuanzia.”

“Labda.”

“Labda alidhani atakuumiza.”

“Labda,” Surinder alisema. “Na aliniumiza.” Akamtazama Mwende kwa udadisi, kama mtu aliyesikia kitu lakini hana haja ya kukichimba. “Wewe, siku ya kuhama, utaniambia?”

“Nitakuambia.”

“Vasanti pia alikuwa mtu mzuri.”

Mwende alimaliza chai yake. Mzee alimwongezea chai, akamwambia kwamba simu atashika. Watu wa kituo wakipiga, atachungulia dirishani, atasema anaona nini. Macho yake ya mbali bado ni mazuri. Lakini ufunguo wa mtu hataki tena nyumbani mwake. Mwende akamshukuru, akajua kwamba Jeff atasema hiyo haitoshi, kwa kuwa ni jina lisilo na ufunguo, na hakumwambia Surinder. Kumbana mtu mzima kwa jambo kama lile hakukuwa adabu.

Mlangoni, akiwa ameshavaa koti, aligeuka.

“Vasanti akija leo, Mama, utamfungulia?”

“Kwanza nitamwacha asimame nje kidogo,” Surinder alisema, “kwa mvua.”

“Halafu?”

“Halafu chai.”

Giza la Novemba lilikuwa limeshaingia saa kumi na moja, saa ambayo Kangundo watoto ndio hutoka shule. Mwende aliingia kwake. Hakuwa na zamu, na nyumba ilikuwa na mlio mmoja tu, wa friji. Alikaa tena kwenye boksi na simu mkononi. Alijua kabisa kwamba Laurette hafai kwa kazi ya kituo. Kutoka Peckham hadi hapa mwizi angekuwa amekwisha kuhama nchi. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumpigia leo, na hilo, alipoligeuza na kuliangalia, ndilo lililomfanya abonyeze namba.

Simu iliita mpaka akadhani itakata. Kisha zikaja kelele za mashine ya kukaushia nywele na wanawake wanaobishana.

“Mama Tatiana,” sauti ya Laurette ilisema. “Mutoto iko muzima?”

“Mzima. Sote wazima.”

“Basi?”

“Nataka kukuambia ninakokaa.”

Mwende alimsikia mteja akilalamika kwamba msuko unambana, na Laurette akimwambia kwa Kifaransa atulie.

“Sema,” Laurette alisema hatimaye.

Mwende akasema. Akataja namba ya nyumba, mtaa, Queensbury, kituo cha treni na laini yake. Hakuwa amemtajia mtu yeyote wa Peckham maneno hayo. Kisha akaendelea. Akasema bafu linavuja, kwamba chumba cha nyuma kina ukungu ukutani ambao mwenye kuuza aliupaka rangi, kwamba jikoni ni padogo kuliko pa kule Peckham. Alisikia jinsi anavyoisema nyumba vibaya, kama anayemwomba mtu asimwonee wivu, akaacha.

“Nilipaswa kukuambia kabla ya gari kuja,” alisema.

“Ulipaswa.”

“Najua.”

“Hapana, hujui,” Laurette alisema, bila kupaza sauti. “Nilibaki na ile ndoano. Kila asubuhi naiona. Unataka nini leo, Mama Tatiana?”

Ukutani, kando ya ngazi ya Jeff, kibao cha namba kilikuwa kimewekwa lakini hakijawashwa. Mwende alikitazama. Angeweza kueleza habari za kituo na majina mawili, na pengine Laurette angecheka, maana alipenda vichekesho vya Wazungu na mashine zao. Lakini alijua kwamba hapo ombi ndilo lingesikika, na yale mengine yote yangeonekana ni njia ya kulifikia.

“Sitaki kitu,” alisema. Ilikuwa karibu kweli.

Mashine ya kukaushia ikazimwa kule Peckham, na kelele za wanawake zikawa karibu zaidi.

“Niko na kichwa ya mutu mu mikono,” Laurette alisema. “Siwezi kusikia hii maneno na kichwa ya mutu mu mikono. Utapiga kesho.”

“Saa ngapi?”

“Kesho,” Laurette alisema, akakata.

Mwende alibaki pale na simu yenye joto la sikio lake. Hakujua kama amesamehewa au ameahirishwa. Alikunja koti lake, akaliweka juu ya boksi pamoja na simu, akaenda jikoni, na safari hii akatia maji kwenye birika kwelikweli. Lilipoanza kuvuma, simu ikatetema. Alikimbia, lakini alikuwa Jeff. Betri imepatikana, fundi aliandika, atafika mapema. Je, yale majina mawili yako tayari, ili aanze na kituo?

Mwende alisimama akaufikiria ujumbe ule. Aliandika jina la Surinder, akalifuta. Aliandika la Laurette, akalifuta nalo.

“Bado,” akamjibu. “Lakini njoo.”